CHEMBE T: NGUVU ILIYOTIWA HATAMU

Katika mambo yaliyoenea siku hizi katika miji yetu ni kuuzwa kwa dawa ziitwazo za "kuongeza kinga". Zauzwa madukani na vibarazani, kwa chupa na kwa vidonge, na mwenye kuziuza hana ila hoja moja ya kumwambia mnunuzi: kwamba kinga ni nguvu, na nguvu kila ikizidi ndivyo mtu azidivyo kusalimika. Wanafunzi wa darasa letu wametuuliza juu ya hoja hii, kama ni sahihi au si sahihi. Nasi tumeona kuwa kujibu kwa "ndiyo" au kwa "la" bila ya sababu hakumfai muulizaji, kwani kesho atakuja mwengine na "ndiyo" yake au "la" yake, naye asijue amwandame nani.

Kwa hivyo tumekusudia katika somo hili kueleza habari za askari wakubwa wa mwili, ambao matabibu huwaita chembe T: zatoka wapi, zaamshwa vipi hata zikawa za kupigana, ni nani azipaye ruhusa, na ni nani azizuiaye. Atakayelifuata somo kwa utulivu mpaka mwisho wake, jawabu la swali lile ataliona mwenyewe.

ASILI YA CHEMBE HIZI

Jua, ndugu msomaji, kwamba mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu, ndizo ziitwazo seli katika vitabu vya shule. Katika damu mna chembe nyekundu zichukuazo hewa, na mna chembe nyeupe, nazo ndizo jeshi la mwili. Na jeshi hili si la namna moja. Ziko chembe zimezazo vijidudu, ziko zitengenezazo kingamwili, na ziko hizi chembe T, ambazo kazi yao ni mbili: ama kuua chembe za mwili zilizokwisha kuingiliwa na adui, ama kuwaongoza askari wengine na kuwaamrisha.

Chembe T huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha husafiri hata kwenye tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo. Kutokana na jina la tezi hii ndipo zilipopata herufi yao ya T. Kwa muda mrefu matabibu waliidhania thaimasi kuwa ni kitu kisichokuwa na kazi, kwa sababu wakiipasua kwa mtu mzima huikuta imesinyaa. Mpaka mwaka 1961, bwana Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti wake London, alipoeleza ya kwamba panya aliyetolewa tezi hii mara baada ya kuzaliwa huwa hana nguvu ya kujikinga na maradhi, wala mwili wake haujui kukataa ngozi ya panya mwengine ikibandikwa juu yake. Hapo ikabainika kuwa kitu kilichodharauliwa ndicho chuo cha jeshi zima.

Na kwa nini tukakiita chuo? Kwa sababu humo ndimo zinamofundishwa na kutahiniwa. Kila chembe T ina kipokezi chake juu ya ngozi yake, na kipokezi hicho ni kama ufunguo ambao haukuchongwa kwa kipimo cha kufuli maalumu, bali umechongwa kwa kubahatisha. Faida ya kubahatisha ni kwamba hata adui ambaye hajapata kuonekana duniani hakosi kupata ufunguo mmoja umwelekeao. Na hatari yake ni kwamba funguo nyengine huelekea mwili wenyewe. Basi ndani ya thaimasi kila chembe hupewa mitihani miwili. Wa kwanza: Je, yaweza kuzitambua hati za mwili wake? Isiyoweza hufa. Wa pili: Je, yaushambulia mwili wake? Ishambuliayo kwa ukali nayo hufa, ila chache zinazogeuzwa kuwa walinzi wa amani, na tutazitaja mbele. Katika kila chembe 100 ziingiazo chuoni, zaidi ya 95 hazitoki zikiwa hai.

Tazama vizuri jambo hili. Kabla adui hajabisha hodi, mwili umekwisha kuwatupa wengi wa askari wake, na baadhi yao ni kwa kuwa nguvu zao zingekuwa juu ya mwenyewe. Hii ndiyo hatamu ya kwanza.

NAMNA ZINAVYOMTAMBUA ADUI

Chembe zifuzuzo ni makundi mawili makubwa. Liko kundi lenye alama ya CD4, nalo ni la wasaidizi na waamrishaji. Hizi ndizo zilizozoeleka kuhesabiwa hospitalini kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Na liko kundi lenye alama ya CD8, nalo ni la wauaji.

Na ajabu ya chembe hizi zote ni kwamba hazimwoni adui kwa nafsi yake. Kijidudu kizima kikipita mbele yao hazikijui. Huona kipande tu cha protini ya adui, na kipande hicho ni sharti kionyeshwe na chembe ya mwili juu ya hati ya mwili wenyewe, kama mtu aonyeshavyo bidhaa juu ya sinia yake. Jambo hili walilithibitisha mabwana Peter Doherty na Rolf Zinkernagel mjini Canberra, Australia, katika miaka ya 1970. Walichukua chembe za kuua kutoka kwa panya aliyeambukizwa virusi, wakaona kuwa zaua chembe zenye virusi hivyo za panya wa nasaba yake, lakini chembe za panya wa nasaba nyengine, zenye virusi vile vile, haziziui. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Maana yake ni kuwa chembe T huuliza maswali mawili kwa pamoja: "Huyu ni mgeni?" na "Ni nani wa kwetu amwonyeshaye?"

MASHARTI MATATU YA KUAMKA

Sasa natutazame chembe T ambayo imetoka chuoni lakini haijapata kupigana. Chembe hii ni ndogo, imelala, nayo huzunguka katika damu na katika mitoki mwaka hata mwaka. Zile zenye ufunguo wa kipande kimoja maalumu cha adui ni chache mno, labda moja katika kila laki moja, au moja katika kila milioni. Basi itakutana vipi na adui wake, naye ameingia kwa jeraha dogo la mguuni?

Jawabu ni kwamba chini ya ngozi mna chembe zenye matawi, zikaazo kama walinzi wa pwani. Adui akiingia, chembe hizi humla, humkata vipande, kisha huacha mahali pao na kusafiri na vipande hivyo mpaka kwenye mtoki ulio karibu. Huko ndiko chembe T zipitiako kwa maelfu, moja baada ya moja, kila moja ikijaribu ufunguo wake. Na hii ndiyo mojawapo ya sababu mtu akiwa na kidonda mguuni huota mtoki kinenani. Watu husema mtoki ni ugonjwa umepanda. Na kwa hakika mara nyingi ni baraza la jeshi limekutana.

Ufunguo ukipata kufuli yake, je, chembe hupigana hapo hapo? La. Yako masharti matatu, nayo yote hayana budi kutimia.

Sharti la kwanza ni dai, nalo ni kule kuingia kwa ufunguo katika kipande kinachoonyeshwa.

Sharti la pili ni shahidi. Juu ya chembe T kuna kipokezi kingine kiitwacho CD28, nacho hakina budi kushikwa na mwenziwe aliye juu ya chembe yenye matawi. Na mwenziwe huyo hajitokezi kwa wingi mpaka chembe yenye matawi iwe imehisi hatari ya kweli, kwa mfano kuona alama za bakteria au za virusi. Kadhi hahukumu kwa maneno ya mdai peke yake, hutaka ushahidi. Na hivi ndivyo ilivyo hapa. Bali mwili wapita mbele zaidi: chembe T iliyopata dai ikakosa shahidi, haiachwi tu irudi ikalale, huingia ganzi, hata baadaye ikiitwa haiitiki. Kwani dai lisilokuwa na shahidi wa hatari huenda likawa ni dai juu ya mwili wenyewe.

Sharti la tatu ni amri, nayo huja kwa ujumbe wa maji maji uitwao saitokini. Ujumbe huu ndio uiambiayo chembe iwe mpiganaji wa namna gani.

Yakitimia haya matatu, chembe hugeuka. Huacha kula kwa uchache kama mtu aliyelala, huanza kula sukari kwa wingi, huvimba, kisha hugawanyika, moja ikawa mbili na mbili zikawa nne, hata katika muda wa siku 7 au 8 ile iliyokuwa moja imekuwa maelfu kwa maelfu. Wala usistaajabu kwamba homa ya kawaida huchukua kiasi cha wiki moja kabla ya kushindwa. Ndio muda jeshi linapoandikwa.

KISA CHA LONDON

Huenda mtu akasema: "Masharti haya ni mengi, nayo yachelewesha. Kwa nini tusiziamshe chembe hizi moja kwa moja?" Jambo hilo limekwisha kujaribiwa, nasi tutalieleza lilivyokuwa.

Mwezi wa Machi mwaka 2006, mjini London, watu 6 wenye afya zao walijitolea kujaribiwa dawa mpya iliyoitwa TGN1412. Dawa hii ilitengenezwa ili ikishike kile kipokezi CD28 kwa nguvu nyingi, iziamshe chembe T bila ya kungojea dai. Waliotaka kuitumia hawakuwa na nia mbaya. Walitaraji kuwa itaziamsha zaidi zile chembe za kutuliza, itibu baridi yabisi na aina moja ya saratani ya damu. Wanyama walikuwa wamepewa wasidhurike, nao watu hawa walipewa kipimo kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana kuwa salama kwa wanyama. Hazikupita dakika 90 wakaanza kuumwa na vichwa na migongo na kushikwa na homa, na kabla ya siku kupita mapafu na figo zao zilikuwa zikishindwa kufanya kazi. Wote 6 wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Waliokoka wote, lakini mmoja wao alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Watu hawa hawakuwa na kijidudu ndani ya miili yao. Hapakuwa na adui. Kilichowaangusha ni jeshi lao wenyewe lililoamshwa lote kwa pamoja, likamwaga saitokini ndani ya damu kama mto uliovunja kingo zake. Hii ndiyo kinga iliyoongezwa kwa kweli, nayo nusura iue.

AMRI YA TATU, NA MFANO WA UKOMA

Tumesema kuwa amri ndiyo ichaguayo namna ya mpiganaji. Maadui si sawa. Kijidudu kijifichacho ndani ya chembe, kama kile cha kifua kikuu, hupigwa kwa njia moja. Minyoo ya tumboni, ambayo ni mikubwa haimezeki, hupigwa kwa njia nyengine. Na kuvu za kinywani na ngozini zina njia yake ya tatu. Chembe CD4 iliyoamrishwa kwa minyoo haifai kitu kwa kifua kikuu, ijapokuwa ni shujaa. Basi nguvu peke yake haitoshi. Hapana budi iwe ni nguvu inayofaa kwa adui aliyepo.

Na mfano ulio wazi ni ukoma, maradhi yajulikanayo katika nchi zetu tangu zamani. Ukoma waletwa na kijidudu kimoja, alichokigundua tabibu Hansen wa Norway mwaka 1873. Lakini watu wawili wakiingiwa nacho, huenda maradhi yao yasifanane kabisa. Mmoja atatoka mabaka machache yasiyohisi, na ndani yake vijidudu havionekani ila kwa taabu. Mwengine ngozi yake itakuwa nene, uso utaota vinundu, na vijidudu vitakuwa ndani yake kwa mamilioni. Mtu aweza kudhani ni maradhi mawili. Kijidudu ni kimoja; kilichotofautiana ni amri zilizopewa chembe T. Kwa yule wa kwanza zimeamrishwa kuvipiga vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe. Kwa wa pili amri hiyo ni dhaifu au haipo, nazo kingamwili, hata zikiwa nyingi, haziwezi kuwafikia waliojificha.

Utasema: basi wa kwanza ana heri. Ndiyo, kwa upande mmoja. Lakini vijidudu vya ukoma hukaa ndani ya mishipa ya fahamu, na chembe T zinapovipiga humo, mishipa nayo huumia, hata mkono ukakunjana vidole au mguu ukalegea. Na hapa pana jambo ambalo kila mwenye jamaa mgonjwa apaswa kulijua. Wagonjwa wengine wakiwa katikati ya matibabu, na dawa zafanya kazi, mara mabaka yaliyotulia huvimba yakawa mekundu, mishipa ikauma, mkono ukapungua nguvu. Mgonjwa hudhani dawa zimemdhuru, huziacha, akarudi nyumbani au akaenda kwa mganga. Wala si dawa zilizomdhuru. Ni chembe T zilizokuwa zimezubaa, sasa zimeamka na zapiga mabaki ya vijidudu kwa ghadhabu. Dawa ya hali hiyo ni kuendelea na matibabu, na kumwendea tabibu upesi ili ampe kwa kipimo dawa ya kutuliza jeshi, iitwayo predinisoloni, mishipa ipate kuokolewa. Wangapi waliopona ukoma wakabaki na ulemavu kwa kuchelewa siku chache!

HATAMU ZA NDANI

Ikiwa kuamka kuna masharti, je, kutulia kwaja kwa nafsi yake? La, nako kuna walinzi wake. Nasi tutawataja watatu.

Wa kwanza aitwa CTLA-4. Chembe T ikisha kuamka, hutoa kipokezi hiki juu ya ngozi yake, nacho hushindana na CD28 kwa kumshika yule yule mwenziwe, na mkono wake ni wenye nguvu zaidi. Kwa hivyo kila shahidi anavyozidi kusema, ndivyo anavyozidi kupatikana wa kumnyamazisha. Mwaka 1995 ilielezwa habari ya panya waliozaliwa bila ya CTLA-4: wote walikufa wakiwa na umri wa wiki 3 au 4, na hawakuuawa na kijidudu cho chote, bali na chembe T zao zilizozaana bila ya kiasi zikajaa moyoni na katika viungo vyengine.

Wa pili ni PD-1, aliyegunduliwa na bwana Tasuku Honjo na wenziwe huko Kyoto, Japani, mwaka 1992. Huyu hufanya kazi zaidi katika uwanja wa vita wenyewe. Viungo vya mwili huweza kumgusa na kuiambia chembe T, "Yatosha, usitubomolee nyumba." Na saratani nayo imejifunza hila hii, humgusa PD-1 ili isiuawe. Kwa hivyo bwana Honjo na bwana James Allison wa Marekani walifikiri kuzifungua hatamu hizi mbili kwa mgonjwa wa saratani, ili chembe T zake zipate kuishambulia. Dawa ya kwanza ya namna hii, ya kuifungua CTLA-4, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani kali ya ngozi, na mwaka 2018 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Watu waliokuwa wamekata tamaa waliishi miaka. Lakini matabibu hao hao huwaangalia wagonjwa wao kwa makini sana, kwani hatamu ikifunguliwa huenda chembe zikashambulia matumbo, ngozi, maini au tezi. Hata pale palipo na faida kubwa, hatamu haifunguliwi bure.

Wa tatu si kipokezi, bali ni kundi zima la chembe T ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenziwao, ndizo tulizoziita walinzi wa amani. Bwana Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995. Na mwaka 2001 huko Marekani, Bibi Mary Brunkow na Bwana Fred Ramsdell wakaeleza jeni iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika walinzi hawa hawapatikani. Watoto wa kiume wanaozaliwa na kasoro hiyo hupata kuhara kusikokoma, kisukari wangali wachanga, na ngozi iliyochubuka, na wengi wao hufa wadogo wasipotibiwa. Watatu hawa walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Na kisukari kile kiwapatacho watoto na vijana, ambacho hutaka sindano za insulini, nacho hutokana na chembe T kuviua vijichembe vya kongosho vitengenezavyo insulini. Kwa mtoto kama huyo hukosi kuona maana ya maneno yetu. Askari wapo, nao wana nguvu, lakini wamekosa wa kuwazuia.

BAADA YA VITA

Adui akisha kushindwa, jeshi lililozaliwa halibaki. Katika kila chembe 100 zilizokuwa zikipigana, 90 au zaidi hufa katika wiki chache zifuatazo. Zibakizo ndizo za kumbukumbu: hukaa miaka mingi, na adui yule akirudi huamka upesi kuliko mara ya kwanza. Mwaka 2003 wataalamu wa Oregon, Marekani, walieleza kuwa watu waliochanjwa ndui zamani walikuwa bado na chembe T za kumbukumbu, nazo hupungua polepole mno, nusu yao katika miaka 8 hadi 15.

Na ikiwa adui haondoki, kama ilivyo katika UKIMWI na katika baadhi ya maradhi ya ini, chembe zipiganazo bila ya kupumzika huchoka. Ufunguo ungalipo lakini mkono hauna nguvu. Kuchoka huku nako kuna hekima ndani yake, kwani jeshi lingeendelea kupiga kwa ukali ule ule mwaka hata mwaka, mwili wenyewe ungebomoka.

JAWABU LA SWALI

Hatusemi kwamba udhaifu wa kinga ni jambo dogo. Virusi vya UKIMWI vikiziua chembe CD4 hata zikashuka chini ya 200 katika tone dogo la damu la milimita moja ya ujazo, mtu huuawa na vijidudu ambavyo kwa mwengine si kitu. Lakini tazama dawa yake ni nini. Dawa yake ni vidonge vinavyovizuia virusi, vinavyotolewa katika hospitali za serikali bila ya malipo, avimezapo kila siku chembe zake hurudi zenyewe. Aliyeziacha akanunua chupa ya kuongeza kinga ameuza roho yake kwa bei rahisi.

Wala hatusemi kwamba mtu asijikinge. Chanjo ni kujikinga, na sababu ya kufaa kwake ni kuwa yaifuata njia ile ile tuliyoieleza. Chanjo ya pepopunda, kwa mfano, ina sumu iliyoondolewa madhara yake, nayo ndiyo dai. Na mna chumvi ya aluminiamu ya kuamsha chembe zenye matawi, nayo ni kama kumtafutia dai lile shahidi. Chanjo hailazimishi jeshi. Hulipelekea kesi iliyokamilika, nalo likahukumu kwa masharti yake. Chakula cha kutosha, usingizi, na kuacha tumbaku pia vyafaa, kwa sababu humwacha mwenye kazi afanye kazi yake.

Na upande wa pili nao tuuonye, kwani kosa ni lile lile. Wako wanunuao vidonge vya kutuliza jeshi, kama predinisoloni na deksamethasoni, bila ya kuonwa na tabibu, kwa kujikuna, kwa maumivu, au kwa kutaka kunenepa. Dawa hizi ni kubwa. Mwaka 2020, katika ugonjwa wa Korona, utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa kiasi cha thuluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa katika mashine za kupumulia. Lakini kwa wale ambao hawakuhitaji hewa ya oksijeni haikuonekana kuwa na faida. Dawa ni moja, na ugonjwa ni mmoja. Kilichotofautiana ni wakati. Na mwenye kuzitumia dawa hizi ovyo huenda akakiamsha kifua kikuu kilicholala ndani yake, kwa kuwa walinzi amewalaza yeye. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu asizikate ghafula, bali amwendee tabibu ampunguzie kwa utaratibu.

Basi muulizaji akirudi dukani, na amwulize muuzaji maswali matatu. Dawa hii yaongeza chembe gani? Yaipa amri gani, na juu ya adui gani? Na kazi ikiisha, ni nani atakayeizuia? Asiyekuwa na jawabu la haya matatu auza chupa, hauzi kinga.

Katika somo lijalo tutaeleza habari za kingamwili, na namna chembe T zinavyozisaidia chembe zizitengenezazo.